Jinsi ya kusimamia utafutaji wa mafuta na gesi baharini, kutoka kunadi kitalu hadi kufunga kisima

Serikali inayotaka kujua kilicho chini ya bahari yake ina kazi mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni kumvutia mwenye mtaji aje kutafuta mahali ambapo kisima kimoja cha kina kirefu hugharimu mara nyingi dola milioni 100 na zaidi, na pengine kisitoe kitu. Ya pili ni kumsimamia mtu huyohuyo tangu siku anaposaini mkataba mpaka siku anapoondoka. Mwongozo huu umeandikwa kwa wanaoifanya kazi hiyo ya pili au wanaopaswa kuifuatilia: afisa wa wizara, diwani wa Kilwa au Lindi, mwanakamati wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia uvuvi wa ufukwe wao), mjumbe wa kamati ya Bunge, mwandishi wa habari. Mifano mingi ni ya Tanzania, lakini hatua zenyewe zinafaa Zanzibar, Kenya na popote penye vitalu vya baharini, yaani maeneo ya bahari yaliyokatwa ili kugawiwa watafutaji.

Msimamo wetu ni huu: nchi hupoteza zaidi kwa tarehe zilizopita bila mtu kuziangalia, gharama zilizopitishwa bila kukaguliwa na data zisizokabidhiwa, kuliko inavyopoteza kwa asilimia ndogo ya mrabaha, yaani sehemu ya mauzo ambayo serikali huchukua kabla ya gharama kukatwa. Asilimia hupata watetezi wengi bungeni na magazetini. Tarehe na risiti hazina mtetezi, kwa hiyo mengi yaliyomo humu yanahusu tarehe na risiti.

Kwanza, jua nani anashika nini

Tanzania Bara, Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 iligawa majukumu. PURA inadhibiti mkondo wa juu, yaani utafutaji na uzalishaji. EWURA inadhibiti mkondo wa kati na wa chini: mabomba, usambazaji, bei. TPDC ni kampuni ya taifa ya mafuta. Ndiyo inayoshika leseni na kuingia mkataba na mwekezaji, na ina haki ya hisa zisizopungua asilimia 25 katika mradi. NEMC inasimamia mazingira chini ya sheria ya mwaka 2004. Zanzibar ina sheria yake ya mafuta na gesi ya mwaka 2016, na mdhibiti wake na kampuni yake. Kenya inaongozwa na Sheria ya Petroli ya mwaka 2019, inayogawa sehemu ya serikali ya faida kwa asilimia 75 serikali kuu, 20 kaunti na 5 jamii ya eneo husika.

Mgawanyo huo una sababu yake. Kabla ya 2015 TPDC ilikuwa mfanyabiashara na wakati huohuo msimamizi wa mikataba. Marekani walikuwa na kasoro ya aina hiyo: ofisi moja iliuza vitalu, ikakusanya mrabaha na ikakagua usalama. Tarehe 20 Aprili 2010 kisima cha Macondo kililipuka katika Ghuba ya Mexico, watu 11 wakafa, na mafuta yakamwagika kwa siku 87 kabla ya kisima kuzibwa. Baada ya hapo ofisi ile ilivunjwa zikazaliwa tatu: ya kugawa vitalu, ya usalama, na ya mapato. Norway iliitenga idara yake ya petroli na kampuni ya taifa tangu 1972.

Kwa hiyo swali lako la kwanza juu ya kibali chochote liwe: aliyesaini kibali hiki anapimwa kwa idadi ya wawekezaji aliowaleta, au kwa ukaguzi alioufanya? Kama ni mtu mmoja anayepimwa kwa yote mawili, andika hilo kwenye ripoti yako mapema. Usisubiri tatizo litokee.

Kumvutia mwekezaji: data kabla ya misamaha

Njia ya haraka ambayo serikali nyingi hukimbilia ni kupunguza kodi. Ni njia ghali, na mara nyingi haihitajiki. Mwanajiolojia wa kampuni anayeamua kama wataomba kitalu anaanza na picha za miamba. Asipokuwa na picha nzuri, punguzo la kodi halimsaidii, kwa sababu hajui anapunguziwa kodi ya kitu gani.

Fanya hivi kabla ya kutangaza duru ya kunadi vitalu.

Kusanya kila data ya zamani. Kanda za utafiti wa mitetemo (sauti inayopigwa kuelekea chini ya bahari, na mwangwi wake kuchora miamba) za miaka ya 1970 na 1980 huharibika. Zihamishiwe kwenye mifumo ya sasa na zichakatwe upya. Uchakataji upya wa mstari wa zamani ni rahisi mara nyingi kuliko kuupiga upya baharini, na huonyesha vitu ambavyo kompyuta za wakati ule hazikuweza kuvionyesha. Hakikisha kila mstari una viwianishi sahihi. Data yenye mitetemo mizuri lakini isiyojulikana ilipigwa wapi haina thamani.

Pale data inapopungua, ruhusu kampuni ya utafiti ipige mitetemo kwa fedha zake, iuze nakala kwa makampuni yanayotaka kuomba vitalu, na serikali ipate mgawo wa mauzo. Katika mkataba wa namna hiyo angalia mambo matatu: data ni mali ya nchi tangu siku ya kwanza; kuna mwaka maalumu ambao haki ya pekee ya kuuza inakwisha; na nakala kamili, ikiwemo data ghafi na si picha zilizochakatwa tu, inakabidhiwa kwa mdhibiti. Kosa la kawaida ni kupokea ripoti yenye michoro na kuamini kwamba data imepokelewa.

Kisha tangaza mkataba wa mfano na sheria za kodi kabla ya duru, na usizibadilishe katikati. Duru ya nne ya Tanzania ilifunguliwa Oktoba 2013 na kufungwa Mei 2014: vitalu vinane, maombi matano. Mkataba wa mfano wa 2013 ulikuwa mkali kuliko uliotangulia, na ulitoka mwaka uleule wa duru. Halafu bei ya mafuta, iliyokuwa juu ya dola 100 kwa pipa katikati ya 2014, ikashuka chini ya 50 kufikia Januari 2015, na mwaka huohuo sheria mpya zikaja. Bei ya dunia haiko mikononi mwa wizara. Ratiba ya sheria iko mikononi mwake.

Watu hutaja sana mfano wa Norway, na inafaa kuuelewa vizuri. Kati ya 2005 na 2022 Norway ilimrudishia mtafutaji asiye na mapato asilimia 78 ya gharama za kutafuta, kila mwaka, kwa fedha taslimu. Makampuni madogo yaliingia kwa wingi. Lakini asilimia 78 ndiyo kodi ambayo mzalishaji hulipa huko, kwa hiyo mgeni alipewa mapema unafuu uleule ambao kampuni kubwa hupata kwa kukata gharama kwenye kodi yake. Nchi isiyo na uzalishaji mkubwa wa kulipia jambo hilo isiliige. Kinachoigika ni masharti yao ya uamuzi: ndani ya muda mfupi uliotajwa, mwenye kitalu aamue kuchimba au kukirudisha.

Kusoma mkataba: programu ya kazi na kalenda

Chukua mkataba wa kugawana uzalishaji. Ukinyimwa mkataba wenyewe, chukua mkataba wa mfano, maana ule wa 2013 ulichapishwa. Usianze na mrabaha. Anza na programu ya kazi ya chini kabisa ambayo mkandarasi, yaani mwekezaji aliyesaini mkataba, amejifunga kuifanya.

Programu nzuri inataja kazi, haitaji fedha tu. "Atatumia dola milioni 10 katika miaka minne ya kwanza" ni sharti dhaifu, kwa kuwa milioni 10 zinaweza kuishia kwenye mishahara ya makao makuu na tafiti za mezani. Sharti lenye nguvu linasema: kilomita za mraba kadhaa za mitetemo ya 3D zipigwe na kuchakatwa kufikia mwisho wa mwaka wa pili, kisima kimoja kichimbwe hadi kina kilichotajwa chini ya sakafu ya bahari, au hadi mwamba wa umri uliotajwa, lolote litakalotangulia. Pasipo kina na mwamba kutajwa, mkandarasi anaweza kuchimba kisima kifupi, akasema ametimiza wajibu, na shabaha yenyewe ikabaki haijaguswa.

Kila wajibu uwe na dhamana ya benki yenye thamani ya kazi iliyobaki. Kazi moja ikikamilika, dhamana inapungua kwa kiasi hicho. Angalia tarehe ya mwisho ya dhamana: ikiwa inaisha kabla ya kipindi cha leseni, kuna miezi ambayo nchi haina kitu mkononi.

Sasa tengeneza kalenda. Chini ya mkataba wa mfano wa 2013, utafutaji una vipindi vitatu: miaka minne, minne tena, kisha mitatu, jumla 11. Mwisho wa kipindi, sehemu ya eneo hurudi serikalini, kwa kawaida nusu. Andika ukutani au kwenye jedwali la kompyuta:

- tarehe ya kuanza rasmi kwa mkataba, ambayo si lazima iwe siku ya kusaini;
- tarehe ya mwisho ya kila kipindi, na ya miezi sita kabla yake;
- siku ya mwisho ya kuomba nyongeza;
- siku ya kurudisha eneo, pamoja na ramani ya sehemu inayorudi;
- tarehe ya mwisho ya kila dhamana.

Miezi sita kabla, mwandikie mkandarasi na uulize kwa maandishi kazi ipi imekamilika na ipi bado. Barua hiyo moja huzuia mchezo unaojirudia: ombi la nyongeza linafika wiki ya mwisho, likiwa limefungwa pamoja na sababu za dharura zisizozuilika, na wizara inakubali kwa sababu haina muda wa kuchambua. Ukichunguza eneo linalorudishwa, hakikisha ni kipande kinachoeleweka ambacho mtu mwingine anaweza kukiomba. Vipande vyembamba kando kando ya kitalu havinadiki.

Baada ya ugunduzi kalenda haifungwi. Gesi ya kina kirefu ya Tanzania ilianza kugunduliwa 2010 katika kitalu namba 4, na mwaka 2012 kisima cha Zafarani kiliongeza kitalu namba 2. Makadirio ya gesi yote iliyogunduliwa nchini yanazidi futi za ujazo trilioni 57, nyingi zikiwa baharini kwenye kina kirefu. Mtambo wa kusindika gesi uliopangwa Likong'o, Lindi, ulikaa kwenye mazungumzo zaidi ya miaka kumi baada ya hapo. Mkandarasi ana haki ya kutafuta soko, lakini muda wa kushikilia ugunduzi bila kuuendeleza lazima uwe na ukomo na taarifa za kila mwaka za kilichofanyika.

Hesabu ya mgawanyo, kwa mfano mdogo

Bila hesabu hii huwezi kuona kwa nini ukaguzi wa gharama ni muhimu. Tuchukue mauzo ya 100. Mrabaha wa kina kirefu katika mkataba wa mfano wa 2013 ni asilimia 7.5 (nchi kavu na maji mafupi ni 12.5). Zinabaki 92.5. Tuseme ukomo wa kurejesha gharama (kiasi cha juu ambacho mkandarasi anaruhusiwa kujilipa gharama zake kabla ya faida kugawanywa) ni nusu ya kilichobaki, yaani 46.25, na serikali inapata asilimia 40 ya faida. Viwango hivi viwili vya mwisho ni vya mfano tu. Vya kweli hutofautiana kwa mkataba na kwa kiwango cha uzalishaji.

Mkandarasi akidai gharama zote 46.25, faida ni 46.25, serikali inapata 18.5 na mrabaha 7.5, jumla 26. Akidai gharama 30, faida inakuwa 62.5, serikali inapata 25 na mrabaha 7.5, jumla 32.5. Tofauti ya gharama ni 16.25, tofauti ya mapato ya serikali ni 6.5. Kila dola isiyostahili inayopita, nchi imelipa senti 40 zake, na kodi ya mapato inapungua pia. Gharama hizo zinaanza kuandikwa leo, wakati wa utafutaji, hata kama uzalishaji uko mbali.

Mwaka 2014 nyongeza ya mkataba wa kitalu namba 2 ilipovuja, mjadala ulikuwa mkali juu ya viwango vya mgawanyo wa gesi. Mjadala ule ulikuwa halali, na ungekuwa bora zaidi kama watu wangekuwa na nyaraka mapema badala ya kuzipata kwa kuvuja. Sheria ya uwazi katika tasnia ya uziduaji (madini, mafuta na gesi) ya mwaka 2015 inataka mikataba iwekwe wazi. Mwandishi wa habari aombe mkataba kwa kuitaja sheria hiyo, kwa barua yenye muhuri wa kupokelewa.

Meli ya mitetemo na wavuvi

Hapa ndipo wananchi wa pwani hukutana na utafutaji kwa mara ya kwanza, na ndipo ugomvi mwingi huanzia. Meli ya utafiti huvuta nyuma yake nyaya zenye vinasa sauti, urefu wa kilomita sita hadi kumi, na bunduki za hewa zinazofyatuka kila baada ya sekunde kumi hivi, zikiwa mita tano hadi nane chini ya maji. Inakwenda mafundo manne au matano (kama kilomita saba hadi tisa kwa saa), mchana na usiku. Haiwezi kusimama ghafla wala kukwepa. Kugeuka kwenda mstari unaofuata huchukua saa mbili tatu. Kwa hiyo anayepaswa kupisha ni mvuvi, na anayepaswa kulipia usumbufu huo ni mkandarasi.

Ratiba ina mgongano wa asili. Meli inapenda bahari tulivu, na wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ndio pia wakati wavuvi wadogo wanaweza kufika mbali. Kusi ikivuma, ngalawa na mashua hubaki karibu na mwamba. Nyangumi wenye nundu nao hupita pwani hii kuanzia Julai mpaka karibu Novemba, na papa potwe hukusanyika Kilindoni, Mafia, kuanzia Oktoba hadi Machi. Hakuna mwezi usio na mtu au mnyama. Kinachowezekana ni kupanga mistari: maji ya karibu na visiwa yapigwe nje ya msimu wa uvuvi, kina kirefu kipigwe katika kaskazi.

Kabla ya meli kuingia, afisa wa halmashauri ahakikishe haya yamefanyika kweli, si kwenye karatasi tu:

Mikutano ifike kwenye madago, yaani kambi za muda za wavuvi, maana wavuvi wa dago wanatoka wilaya nyingine na hawahudhurii mikutano ya kijiji. Ratiba na viwianishi vitolewe kwa BMU angalau wiki mbili kabla, kwa lugha na alama ambazo nahodha anazitumia, yaani visiwa, miamba na minara, pamoja na namba. Boti za kusindikiza ziwe na mtu anayezungumza Kiswahili na anayezijua nyavu. Jarife linaloelea usiku halionekani kwenye rada. Simu ya malalamiko ipokelewe usiku pia.

Hasara ikitokea, dai hushinda au hushindwa kwa ushahidi wa siku ya kwanza. Mvuvi apige picha ya nyavu zilizokatika zikiwa bado kwenye chombo, aandike saa na mahali (simu nyingi zinatoa viwianishi bila intaneti), ataje jina lililoandikwa ubavuni mwa meli au boti, na aingize tukio kwenye daftari la BMU siku hiyohiyo akiwa na mashahidi wawili. Thamani ihesabiwe kwa nyavu pamoja na siku za uvuvi zilizopotea, ikilinganishwa na kumbukumbu za mauzo mnadani. Madai mengi hukataliwa kwa sababu yalifika mwezi mmoja baadaye bila mahali wala saa. Sharti hilo BMU iwafundishe wavuvi kabla ya meli kufika.

Kwa wanyama wa baharini, miongozo ya Uingereza ndiyo inayoigwa na wengi: mwangalizi aangalie bahari kwa dakika 30 kabla ya kufyatua, au 60 kwenye kina kinachozidi mita 200, eneo la mita 500 kuzunguka bunduki liwe tupu, nguvu iongezwe polepole kwa dakika zisizopungua 20, na nyangumi akionekana, kusubiriwe dakika 20 tangu alipoonekana mara ya mwisho. Usiku vitumike vinasa sauti vya chini ya maji. Omba shajara za mwangalizi. Shajara isiyo na kuahirishwa hata kumoja katika msimu wa nyangumi inastahili maswali.

Kisima: yanayoua ni yapi

Kibali cha kuchimba kisitolewe kwa kusoma muhtasari. Mhandisi wa mdhibiti asome mpango wa kisima ukurasa kwa ukurasa, na swali lake kuu liwe moja: kwa kila hatua, ni vizuizi gani viwili vinavyojitegemea vinavyozuia gesi isipande, na kila kimoja kitajaribiwaje?

Kizuizi cha kwanza ni tope la kuchimbia. Uzito wake lazima uzidi msukumo wa gesi iliyo kwenye mwamba na usifikie kiwango cha kupasua mwamba. Kwenye kina kirefu cha bahari nafasi kati ya viwango hivyo viwili ni finyu, kwa sababu sehemu kubwa ya safu iliyo juu ya mwamba ni maji na si mawe. Ndiyo maana bomba za kinga huwekwa nyingi, moja ndani ya nyingine, kila moja ikizungushiwa saruji kabla ya kuchimba zaidi.

Kizuizi cha pili ni mtambo wa kuzuia mlipuko unaokaa sakafuni. Ujaribiwe kabla ya kushushwa, baada ya kufungwa kisimani, kisha kila baada ya siku 14 hadi 21 kulingana na kanuni mliyochagua. Dai hesabu inayoonyesha kwamba visu vyake vinakata bomba halisi litakalotumika katika kisima hiki, si bomba la katalogi. Macondo, bomba lilikuwa limepinda ndani ya mtambo na visu havikulikata sawasawa. Na mfumo wa dharura ulikuwa na betri dhaifu na nyaya zilizounganishwa vibaya. Zaidi ya hapo, jaribio la shinikizo la kuthibitisha saruji lilionyesha hatari, na waliokuwepo wakalieleza kwa namna iliyowapa ruhusa ya kuendelea. Kwa hiyo weka sharti la maandishi: jaribio lisiloeleweka linahesabiwa kuwa limeshindwa, na kazi inasimama mpaka mtu aliye nje ya meli athibitishe.

Dalili za gesi kuingia kisimani ni tope kurudi kwa wingi kuliko linavyoingizwa, na kisima kuendelea kutiririka pampu zikizimwa. Mkaguzi aliye melini aombe kumbukumbu za ujazo wa matangi. Kusafisha matangi au kuhamisha tope wakati huohuo kunaficha dalili hizo. Kazi hizo zipigwe marufuku katika saa za hatari.

Uliza pia kuhusu kifuniko cha dharura, kinachoshushwa kuziba kisima kilicholipuka. Cha karibu kwa pwani yetu kimehifadhiwa Saldanha, Afrika Kusini. Mpango uonyeshe ni meli gani itakileta Mtwara, kwa siku ngapi, bandari ina kreni ya uzito gani, na forodha itakipitisha kwa utaratibu upi. Mpango unaosema "kitaletwa haraka" urudishwe. Kuzunguka meli ya kuchimba kuna eneo la usalama la mita 500 chini ya sheria ya bahari ya kimataifa. Mipaka yake itangazwe kwa manahodha na kwa BMU.

Vipande vya mwamba vinavyotupwa baharini vina mabaki ya tope. Weka kiwango: kanuni ya Marekani inaruhusu asilimia 6.9 ya kimiminika cha sintetiki kwenye vipande, nchi za Bahari ya Kaskazini asilimia 1. Yeyote anayeweka kiwango aandike sababu yake, na aagize sampuli zipimwe na maabara isiyo ya mkandarasi.

Ripoti ya kila siku na risiti

Ripoti ya uchimbaji ya kila siku ni karatasi yenye thamani kuliko kikao chochote. Inaonyesha kina, uzito wa tope, majaribio, na saa zilizopotea. Kati ya 2012 na 2014 meli za kina kirefu zilikodishwa kwa zaidi ya dola laki tano kwa siku, kabla ya kuongeza huduma nyingine, kwa hiyo saa zilizopotea ni mamilioni. Linganisha ripoti na ankara: siku ambazo mtambo ulikuwa ukitengenezwa kwa kosa la mwenye meli zisilipwe kwa kiwango kamili, wala zisiingie kwenye gharama za kurejeshwa.

Katika ukaguzi wa gharama, tafuta kwanza hizi: huduma za kampuni dada zisizoshindanishwa, gharama za makao makuu zilizogawanywa kwa asilimia bila karatasi za muda wa kazi, gharama za kitalu kimoja kuhamishiwa kingine, bomba zilizobaki ambazo zilinunuliwa kwa kitalu hiki kisha zikapelekwa nchi nyingine bila kurudisha thamani yake, faini na bonasi ya kusaini. Angalia kifungu cha muda wa kupinga. Mikataba mingi inasema gharama isiyopingwa ndani ya miezi kadhaa inahesabiwa kukubaliwa, na ndiyo maana ukaguzi uanze mwaka unaofuata gharama, si siku uzalishaji unapokaribia. Mdhibiti asiye na wahasibu wa kutosha akodi. Bei ya wakaguzi ni ndogo mno kuliko kinachookolewa.

Diwani ana upande wake: ushuru wa huduma unaolipwa kwa halmashauri, na mpango wa ununuzi wa ndani chini ya kanuni za mwaka 2017. Aulize kwa majina ya bidhaa: chakula, mafuta ya boti, ulinzi, usafiri. Mpango uliojaa neno "tutajitahidi" hauna kipimo.

Kufunga na kuondoka

Kisima kikiwa kikavu, mkandarasi ana haraka, kwa sababu meli inamgharimu kila saa. Mkaguzi asiondoke. Plagi za saruji ziwekwe katika kila tabaka lenye gesi au maji yenye msukumo, juu yake kuwe na kizuizi cha pili, na kila plagi iguswe kwa uzito na kupimwa kwa shinikizo. Video ya roboti ya chini ya bahari ionyeshe sakafu safi na kisima kisichotoa mapovu. Nakala ibaki kwa mdhibiti.

Kabla dhamana ya mwisho haijarudishwa, orodha hii ikamilike: data ghafi na zilizochakatwa, kumbukumbu zote za vipimo vya kisima, vipande na nguzo za mwamba vilivyowekewa lebo ya kina, sampuli za vimiminika, na ripoti ya mwisho ya kisima. Kisima kikavu chenye data kamili ndicho kitakachomwonyesha mtafutaji ajaye mahali pa kuhamia. Viwianishi vya kila kitu kilichoachwa sakafuni vipelekwe kwa wachora ramani za bahari na kwa BMU zote za eneo hilo, vikiwa na kina cha maji na urefu wa kilichochomoza.